Chupa ya Kungoja Jubilei

Tembo la mnazi lililogemwa alfajiri ni tamu saa nne asubuhi, ni kali jioni, na kesho yake limeshaanza kuwa siki. Hakuna mgema anayeshangazwa na hilo. Utomvu wa mnazi umejaa sukari, hamira za hewani zinaigeuza sukari kuwa pombe, kisha bakteria wanaivamia pombe hiyo na kuigeuza siki. Kwa hiyo mtu aliyekulia pwani akiambiwa kwamba kipo kinywaji cha matunda yaliyochachuka ambacho unaweza kuwapa maharusi leo, wakakifungua kwenye jubilei yao ya miaka 25 na kukikuta kizuri kuliko siku waliyopewa, ana haki ya kuuliza: bakteria wamekwenda wapi?

Mvinyo wa zabibu una kinga ambazo tembo halina. Pombe yake kwa kawaida hufikia asilimia 12 hadi 15. Uchachu wake ni mkali, pH ikiwa kati ya 3 na 3.8 hivi, na bakteria wengi hawastahimili mahali pachachu namna hiyo. Watengenezaji huongeza dioksidi ya salfa kidogo, kemikali inayodhoofisha vijidudu na kudaka oksijeni iliyopenya. Halafu chupa huzibwa, na bakteria wa siki, ambao bila hewa hawana wanachoweza, hubaki wamelala.

Louis Pasteur alilichunguza jambo hili na kuliandika katika kitabu chake cha 1866 kuhusu mvinyo. Alifungia mvinyo katika mirija ya kioo, mingine ikiwa imejaa pomoni, mingine ikiwa imeachiwa nafasi ya hewa. Uliokosa hewa ulibadilika polepole mno. Ulioachiwa hewa ulipoteza rangi na kuweka mashapo mapema. Tangu hapo imefahamika kwamba oksijeni ndiyo inayokomaza mvinyo, na oksijeni hiyo hiyo ndiyo inayouua. Tofauti ni kipimo. Kizibo kizuri cha gome la aina ya mwaloni inayostawi zaidi Ureno hupitisha kiasi kidogo mno cha hewa, na ndiyo maana hadi leo kinaaminiwa kwa chupa za kuwekwa miaka mingi.

Kutooza, hata hivyo, si kukomaa. Maji ya chumvi hayaozi, na hakuna anayeyangoja miaka 25. Ili mvinyo uwe bora kadiri unavyokaa, lazima ndani ya chupa kuwe na kazi inayoendelea.

Maganda na mbegu za zabibu nyekundu huupa mvinyo tanini, jamii ya kemikali iliyomo pia katika bibo na ndizi mbichi. Tanini hunasa protini za mate, na mdomo ukahisi ukakasi. Mvinyo mchanga uliotengenezwa kwa ajili ya kuwekwa unaweza kuwa na ukakasi wa kukunja uso. Ndani ya chupa molekuli hizo huungana zenyewe kwa zenyewe, na pia huungana na anthosianini, ile rangi ya ganda la zabibu. Asidi hukata viungo hivyo, navyo huungika upya kwa namna nyingine, mwaka hata mwaka. Oksijeni kidogo iliyopenya huzaa asetaldehidi, ambayo huwa daraja la kuunganisha tanini na rangi. Molekuli zinazokua mno hushindwa kubaki zimeyeyuka, zikazama chini na kuwa mashapo. Hapo ukakasi umelainika, na rangi iliyokuwa ya zambarau imekuwa ya tofali.

Harufu nayo hubadilika, na hapa mnunuzi anapaswa kuwa mwangalifu. Manukato ya matunda yanayotupokea katika mvinyo mchanga mengi ni esta. Mojawapo, isoamili asetati, ndiyo inayoifanya ndizi mbivu inukie vile inavyonukia. Esta hiyo haidumu. Mwaka mmoja au miwili inatosha kuipunguza sana. Ikiwa mvinyo hauna kingine chochote zaidi ya manukato hayo, ukiuweka utakuwa umeuweka ufe. Ila kuna manukato mengine ambayo mzabibu uliyafunga kwenye sukari, hayanuki hata kidogo mpaka asidi iyafungue taratibu. Mvinyo mweupe wa Ujerumani uitwao Riesling, kwa mfano, ukizeeka hutoa harufu ya mafuta ya taa, itokanayo na kemikali inayojulikana kwa kifupi kama TDN. Anayesikia hivi mara ya kwanza hukataa kuamini kwamba ni jambo jema. Lakini ikichanganyika na asali na ganda la limau, kwa kiasi, harufu hiyo ndiyo inayowafanya wapenzi wa Riesling wangoje.

Kwa hiyo mvinyo wa kuwekwa lazima uwe na akiba: tanini, au asidi, au sukari, au pombe nyingi, na mara nyingi zaidi ya kimoja kati ya hivyo, ili matunda yakishaondoka kibaki kitu cha kunywa. Mvinyo mwingi uliopo madukani haukutengenezwa na akiba hiyo. Umetengenezwa unywewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, uwe ni wa Afrika Kusini, wa Hispania au wa kwetu. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ulaya hawezi kuliota, lakini joto lile lile linalowezesha mavuno mawili huufanya mzabibu uchome sehemu ya asidi yake kabla tunda halijaiva. Mvinyo wake nausifu ukiwa mchanga, umepoozwa, mezani pamoja na nyama choma. Kuufungia kabatini miaka 20 ni kuwaonea wakulima wa Hombolo na Makutupora, ambao hawakuahidi kitu kama hicho.

Sasa tufike mahali ambapo zawadi nyingi hufia.

Wanakemia wana kanuni ya makadirio: joto likipanda nyuzi 10 za selsiasi, kasi ya mmenyuko mwingi wa kemikali huwa maradufu, pengine zaidi. Maghala ya chini ya ardhi ya Ulaya hukaa kwenye nyuzi 10 hadi 15 mwaka mzima. Sebule ya Dar es Salaam au Mombasa hukaa kwenye 28 au 30, na mwezi wa pili hupita hapo. Tofauti ya nyuzi 15 ina maana kasi karibu mara tatu. Mtu anaweza kujifariji kwamba basi mvinyo wa miaka 20 utakuwa tayari kwa miaka 7, na hilo si hasara. Haiwi hivyo. Mmenyuko wa namna mbalimbali hauharakishwi sawasawa. Ule unaovunja manukato na kuchosha kinga ya salfa huwahi mbele, ule wa kulainisha tanini huachwa nyuma, na mwishowe chupa haina ujana wala utu uzima: inanuka zabibu zilizochemshwa, rangi imekuwa kahawia, ladha imechuja. Joto pia hupanua kimiminika mpaka kikasukuma kizibo; usiku kukipoa kinajivuta, kikavuta hewa ya nje. Mchezo huo ukirudiwa kila siku kwa miaka, kile kipimo cha oksijeni alichokizungumzia Pasteur kinapotea.

Juu ya joto kuna nuru. Katika nyumba zetu chupa ya zawadi huheshimiwa kwa kuwekwa kwenye kabati la vioo sebuleni, kando ya bilauri za sherehe na picha ya harusi, mahali ambapo kila mgeni ataiona. Heshima hiyo inaiua. Mwanga hupiga riboflavini, yaani vitamini B2 iliyomo ndani ya mvinyo, nayo huchochea kuzaliwa kwa misombo ya salfa yenye harufu ya kabichi iliyochemshwa. Mvinyo mweupe na shampeni katika chupa angavu huathirika upesi zaidi, kwa sababu kioo cha kijani iliyokoza au cha kahawia ndicho kinachozuia sehemu kubwa ya miale hiyo. Inaniuma kila nionapo chupa nzuri ya shampeni, iliyobaki siku ya harusi baada ya mshereheshaji kufungua nyingine zote kwa vigelegele, ikiwa imesimama kwenye kabati la namna hiyo mwaka wa sita, ikingoja siku kubwa. Siku kubwa ya shampeni ile ilikuwa ileile ya harusi.

Ndiyo maana, kabla ya kuuliza jina au bei, mimi huuliza maharusi wanakwenda kuishi wapi. Nachukulia kwamba wote wawili wanakunywa. Kwa wasiokunywa, kwa dini au kwa hiari, chupa si zawadi hata iwe ya mfalme.

Tuseme ni mpwa wako anayeolewa Hamburg. Majengo mengi ya ghorofa Ujerumani yana vyumba vya chini ya ardhi ambamo kila mpangaji hupewa sehemu ya kuwekea vitu vyake, pa baridi na giza. Huyo mpe mvinyo wa Porto wa mavuno ya mwaka mmoja uliotangazwa, yaani mwaka ambao watengenezaji wameutangaza kuwa mzuri wa kutosha. Hutoka bonde la mto Douro, Ureno, eneo ambalo mipaka yake iliwekwa kwa amri ya serikali mwaka 1756. Zabibu zikiwa katikati ya kuchachuka humwagiwa pombe kali ya zabibu yenye nguvu ya asilimia 77. Hamira hufa, na sukari iliyokuwa bado haijaliwa hubaki. Unapatikana mvinyo wenye pombe ya asilimia 20 hivi, sukari ya takriban gramu 100 kwa lita, na tanini za kutosha kufunga mdomo. Hukaa mapipani miaka miwili hivi tu, kisha kazi yote iliyobaki hufanyika ndani ya chupa, kwa miongo. Si kila mwaka unaotangazwa. Mavuno ya 2011, 2016 na 2017 yalitangazwa na nyumba nyingi za Porto. Waingereza wenye uwezo walikuwa na desturi ya kumwekea mtoto aliyezaliwa mvinyo huu hadi akue. Chupa ilazwe ubavu, kizibo kisikauke, na siku ya kuifungua isimamishwe kwanza ili mashapo yatue.

Kwa ghala la namna hiyo hiyo Riesling tamu ya Mosel, Ujerumani, ingefaa pia, au Sauternes ya Ufaransa, inayotokana na zabibu zilizokaushwa na ukungu wa Botrytis mpaka sukari na asidi zikakolea pamoja. Na kama mfuko unaruhusu, nunua chupa kubwa ya lita moja na nusu badala ya mbili za kawaida. Shingo yake na kizibo chake havizidi sana vya chupa ndogo, ilhali mvinyo ni mara mbili, kwa hiyo kila glasi hupata oksijeni kidogo zaidi na kuzeeka kwa utulivu.

Njombe, Limuru au Bukavu hapako mbali sana na hali hiyo. Nyumba ya kuta nene, chumba kisichopigwa na jua la mchana, sanduku la mbao chini ya kitanda: chupa ya Porto hapo itakomaa mapema kuliko Ulaya, lakini itakomaa. Jokofu la jikoni silipendekezi kwa miaka mingi. Nyuzi 4 karibu zisimamishe kila kitu, na hewa yake kavu hukausha kizibo. Kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa mchana ni kibaya pia, kwa kuwa joto hupanda na kushuka kila siku.

Wengi wetu, lakini, tunaoa na kuolewa kwenye joto, na hatuna ghala. Kwa nyumba ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Bujumbura jibu langu ni moja, nami nalisema bila kusita: mvinyo wa Madeira.

Madeira ni kisiwa cha Wareno katika Atlantiki, magharibi ya Moroko, mlima wa volkano uliochomoza baharini. Wareno walianza kukikalia miaka ya 1420, wakapanda miwa na mizabibu, na bandari yake ya Funchal ikawa kituo cha meli zinazokwenda Amerika na zile zinazozunguka Rasi ya Tumaini Jema kuelekea Bahari ya Hindi. Meli zilipakia mapipa ya mvinyo, ulioongezwa pombe kali usiharibike njiani. Tumbo la meli lilikuwa tanuri. Mapipa yalivuka ikweta, yakapikwa na jua la tropiki kwa miezi, yakatikiswa na mawimbi, na mengine yakarudi Funchal yakiwa hayajauzwa. Walioyafungua walikuta mvinyo uliokuwa bora kuliko ule uliobaki nyumbani. Mvinyo wa kwenda na kurudi, vinho da roda kwa Kireno, ukawa bidhaa yenye bei yake, na watu wakawa wanayasafirisha mapipa makusudi ili yapate joto.

Kuelekea mwisho wa karne ya 18 wafanyabiashara wa Funchal walianza kuutengeneza moto huo nchi kavu, kwa vyumba vya kupasha joto. Leo mvinyo wa kawaida wa Madeira huwekwa katika matangi yenye joto la nyuzi 45 hadi 50 kwa muda usiopungua miezi mitatu. Ule bora hauharakishwi hivyo. Mapipa yake hupandishwa darini, chini ya vigae vinavyopigwa na jua la Funchal, yakaachwa huko miaka mingi yakivuta hewa kupitia mbao, yakipoteza maji kwa mvuke, yakikolea. Pombe ya kinywaji kinachotoka ni kati ya asilimia 17 na 22. Uchachu haupungui, na huo ndio uti wa mgongo wake: hata Madeira tamu kabisa humalizikia ulimini kwa ukali safi unaoufanya utamu usichoshe.

Kwa maneno ya kemia, kila ambacho joto na oksijeni vingeweza kukiharibu kimekwisha haribika, na kilichobaki ni kile kisichoharibika. Rangi imekwisha kuwa kahawia. Esta za ndizi na maua ziliondoka zamani. Sukari imevunjika na kuzaa harufu za karameli na njugu. Machi ya Dar es Salaam ikiikuta chupa hii haina cha kuchukua. Wakazi wa Charleston na Savannah, kusini mwa Marekani, walilijua hilo mapema: katika miji hiyo yenye joto kali matajiri waliihifadhi Madeira darini, mahali ambapo mvinyo mwingine wowote ungekufa msimu wa kwanza. Chupa za karne ya 19 bado zinafunguliwa leo, na zinanyweka kwa furaha.

Kati ya kemikali zinazozaliwa katika joto hilo ipo moja ambayo msomaji wa pwani anaifahamu bila kujua jina lake. Inaitwa sotoloni. Ndiyo kiini cha harufu ya uwatu, mbegu hizo za njano zinazotiwa kwenye mchuzi wa bizari na kupikiwa mama aliyejifungua. Pua huinasa hata ikiwa kidogo sana. Madeira inapokaa pipani, sotoloni huongezeka, na kwa mtu aliyekulia jikoni kwenye uwatu glasi ya kwanza ya Madeira kongwe si kitu kigeni. Nadhani ndiyo sababu ninaona inawafaa watu wetu kuliko mvinyo wa Bordeaux, Ufaransa, wa bei kubwa, ambao harufu zake za ardhi yenye unyevu na uyoga huhitaji kuzoewa.

Ni haki kusema wazi kitu kimoja. Madeira ndani ya chupa haikomai kama Porto inavyokomaa. Hubadilika kidogo sana. Uzee wake umefanyika pipani, na unachowapa maharusi ni mvinyo utakaowangoja bila kudhurika, hata umeme ukikatika wiki nzima, hata wakihama nyumba mara nne. Kwa watu wanaoanza maisha katika chumba na sebule Kinondoni, hilo naliona ni bora kuliko ahadi ya chupa inayodai ghala ambalo hawana.

Aina zake hutofautishwa kwa zabibu: Sercial ni kavu, Verdelho ina utamu kidogo, Boal ni tamu kiasi, Malvasia ni tamu kabisa. Kwa zawadi ningechagua Boal, yenye lebo ya miaka 10 au 15. Tamu ya kumfurahisha shangazi, chachu ya kumridhisha anayejua. Kabla ya kulipa, itazame chupa dhidi ya mwanga: mvinyo ufike shingoni, na pasiwe na alama ya kuvuja chini ya kifuniko. Chupa iliyokaa kwenye dirisha la duka linalopigwa jua iache, iwe ya Madeira au ya kwingineko. Funga kadi shingoni na kamba imara, uandike maelekezo mawili: isimamishwe, isilazwe, kwa kuwa mvinyo mkali na mchachu namna hii hula kizibo kikigusana nao miaka mingi, na ikifunguliwa si lazima kuimaliza usiku huo, maana hubaki nzuri kwa miezi.

Linabaki suala la mwaka. Watu hutamani chupa yenye mwaka wa harusi kwenye lebo, na siku ya harusi chupa ya kuwekwa ya mwaka huo kwa kawaida bado haipo. Zabibu nyingi za kaskazini ya dunia huvunwa Septemba na Oktoba. Porto ya mwaka huo itatiwa chupani baada ya miaka miwili au mitatu, ikiwa itatangazwa. Anayetaka mwaka wenye maana kwa siku yenyewe atafute wa kuzaliwa kwa bibi harusi au bwana harusi. Madeira ya mavuno ya mwaka mmoja iitwayo colheita hukaa pipani miaka isiyopungua mitano kabla ya kuuzwa, na za miaka ya 1990 zipo sokoni.

Juu ya colheita kuna daraja la frasqueira, ambalo sheria ya kisiwa inalitaka likae pipani angalau miaka 20. Kwa harusi ya 2025, frasqueira ya mavuno hayo haiwezi kutiwa chupani kabla ya 2045, na jubilei yenyewe ni 2050. Wa kuinunua watakuwa watoto wao.